Vanessa Mdee na Swali Lililonishinda Fildi

Wanachuo wenzangu wa ualimu, kila mmoja wetu aliyekwenda fildi amerudi na stori yake. Kuna aliyesahau andalio la somo siku ya mkaguzi, kuna aliyeitwa "dogo" na kidato cha nne. Ya kwangu ni swali moja tu, na mpaka leo linanisumbua.

Nilipangiwa shule moja ya sekondari huko Machame, nyumbani kabisa. Asubuhi nilikuwa napanda gari Kwa Sadala, tunakata migomba na kahawa mpaka juu kwenye ukungu, nafika ubao bado wa baridi. Siku moja kwenye kipindi cha kidato cha tatu niliwaomba waandike kila mmoja anataka kuwa nani. Madaktari walikuwa wengi, wanasheria wengi, mwanajeshi mmoja. Binti mmoja anayeongoza kwaya kanisani kwao aliandika, "Nataka kuwa kama Vanessa Mdee." Darasa likacheka. Wa nyuma akadakia, "Si alishaacha muziki huyo?"

Kengele ilipogonga yule binti akanifuata. "Madam, kama alifika kule juu halafu akaacha, mimi nianze ya nini?" Halafu, kwa sauti ya chini, akaniambia kuna mtu amemuahidi studio Dar. Aende likizo ya Desemba, na ikibidi asirudi shule.

Nikamjibu, "Soma kwanza, mwanangu." Akasema, "Sawa madam," akaondoka. Mwalimu yeyote anaijua ile "sawa madam." Maana yake ni kwamba hujasema kitu.

Basi niliporudi chuo nilikaa nikayapanga maisha ya huyu dada kwa mwaka mmoja mmoja, kama tunavyochambua mada kabla ya kufundisha. Haya ndiyo niliyoyaona.

Vanessa Mdee alizaliwa Arusha mwaka 1988. Utoto wake aliupitisha Arusha, New York, Paris na Nairobi, na baadaye alisomea sheria Nairobi. Mwaka 2007 alijitokeza kwenye usaili wa watangazaji wa MTV uliofanyika Dar es Salaam, akachukuliwa, akawa Mtanzania wa kwanza kutangaza vipindi vya muziki kwenye kituo hicho. Baada ya hapo akafanya redio Choice FM na kuendesha vipindi vya televisheni. Wimbo wake wa kwanza kama msanii wa kujitegemea, "Closer", ulitoka mwaka 2013. Ukafuata "Hawajui", ikafuata "Niroge", na Januari 2018 akatoa albamu yake, Money Mondays.

Sasa hesabu. Kutoka 2007 mpaka 2013 ni miaka 6. Miaka sita yote hiyo alishika maiki bila kuwa na wimbo wake mwenyewe. Alikuwa anahoji wasanii, anajifunza kuongea na kamera, anaona mikataba na matangazo yanavyokwenda. Sisi tuliomfahamu kwa jina la Vee Money tulidhani ameibuka tu. Hakuibuka. Alikaa darasani, ila darasa lake lilikuwa studio.

Upande wa uigizaji nao una la kutufundisha sisi watu wa elimu. Mwaka 2017 Vanessa aliigiza katika MTV Shuga: Down South, msimu wa tano wa tamthilia inayozungumzia vijana, mapenzi na Virusi vya Ukimwi. Tamthilia hiyo ilianzia hapo jirani, Nairobi, mwaka 2009, na Lupita Nyong'o alikuwemo kabla dunia haijamjua. Watafiti, akiwemo mchumi Abhijit Banerjee aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2019, waliipima Shuga huko Nigeria kwenye mmoja wa misimu iliyotangulia. Waliwaonyesha vijana wa maeneo fulani Shuga, wengine wakaonyeshwa tamthilia nyingine. Miezi kadhaa baadaye, walioona Shuga walikuwa wamekwenda kupima kwa wingi zaidi kuliko wenzao.

Fikiria hapo. Sisi tunaandika kwenye andalio la somo "mbinu: maswali na majibu", tukiambiwa tutumie igizo tunasema muda hautoshi. Kumbe igizo linampeleka kijana kituo cha afya. Kwa hiyo yule binti alipoandika jina la mwimbaji, darasa halikuwa na haki ya kucheka. Kuimba na kuigiza ni kazi, na wakati mwingine ni kazi ya ualimu kwa jina lingine. Hata mdogo wake Vanessa, Mimi Mars, ameifuata njia hiyo hiyo ya kuimba na kuigiza, wengi tunamfahamu kutoka tamthilia ya Jua Kali.

Mwaka 2019 Vanessa alikaa kwenye kiti cha majaji wa East Africa's Got Talent. Kwa macho ya watu, hapo ndipo kileleni. Mwaka uliofuata, kwenye kipindi chake cha sauti mtandaoni, akatangaza anaachana na biashara ya muziki. Alieleza kwa mdomo wake mwenyewe kwamba maisha yale yalikuwa yamemchosha akili na moyo, na kwamba ameamua kuchagua uhai wake. Watu wakasema sana. Wapo waliosema amefulia, wapo waliosema ni mapenzi. Wachache walikubali kwamba mtu mzima anaweza kuitazama kazi aliyoitafuta kwa nguvu zote akasema imetosha.

Huku kwetu mlimani tunapaswa kulielewa hilo kuliko watu wote. Wabeba mizigo wanaopandisha wageni kupitia geti la Machame watakuambia: mgeni akianza kuumwa na urefu wa mlima, anashushwa, hata kama kilele kinaonekana. Hakuna anayemcheka. Anayechekwa ni yule aliyebisha.

Sasa nirudi kwenye swali. Nadhani jibu langu lilikuwa bovu kwa sababu nilimpa amri wakati yeye aliuliza sababu. Tena mafunzo yetu ya ushauri nasaha yanatuzoesha kumuuliza mtoto "unataka kuwa nani?", kana kwamba maisha ni cheo kimoja ukishakipata umemaliza. Vanessa amekuwa mtangazaji, mwimbaji, mwigizaji na jaji. Vyeo vimebadilika. Kilichobaki ni uwezo: kuongea mbele za watu, lugha zaidi ya moja, kuielewa biashara. Hata alipoacha muziki, alitangaza kuacha kwa ujuzi ule ule wa maiki aliouanza mwaka 2007.

Ila nisimdanganye yule binti. Mtu aliyekulia New York na Paris hakuanzia mstari mmoja na mtoto anayekwenda shule akiwa na ndoo ya maziwa ya kupeleka kwanza. Lakini hiyo ndiyo sababu kubwa zaidi ya kuitahadhari ile studio ya Dar. Mwenye pa kurudi anaweza kujaribu na kuacha. Asiye na cheti cha kidato cha nne, hajui kusoma mkataba, na nauli ya kurudi ameshika mtu mwingine, huyo hawezi kuacha hata akichoka.

Semista ikiisha napanda Machame. Jumapili nitakaa viti vya nyuma, nisubiri kwaya imalize, nimtafute. Sitamwambia "soma kwanza." Nitamwambia: imba, na mwaka huu huu anza kuongoza mijadala ya shule, jifunze kushika maiki bila kuimba. Shule isikuzuie kuimba, ikuwezeshe siku moja kusema "naacha" na uwe na pa kwenda. Na huyo mwenye studio, mwambie aje aongee na mama yako, mchana, nyumbani.

Kama hatakuwepo kwenye kwaya, nitajua nilichelewa. Ndiyo maana nakuandikia wewe unayekwenda fildi mwakani. Ukiulizwa swali kama hilo, usijibu haraka ili uwahi gari la kushuka Kwa Sadala. Mimi niliwahi.