Tingatinga Halichezewi!

Rafiki, umemaliza mtihani wa kidato cha nne, uko nyumbani Nachingwea au Ruangwa unasubiri matokeo. Jirani na kwenu kuna barabara inachongwa. Mshikaji wako anakuambia, "Twende saiti, opereta atakupa usukani, utajifunza humo humo." Utafanyaje?

Kwanza ujue kwamba matingatinga mengi hayana hata usukani. Yanaongozwa kwa vishikizo vya mkono na pedali za miguu. Anayedhani ni kama kuendesha gari ameshakosea kabla ya kuwasha injini.

Si mgeni huku kwetu

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga katika Tanganyika, na Nachingwea ilikuwa moja ya sehemu zake. Yaliletwa matingatinga kung'oa msitu. Mashine nyingi za mradi ule zilikuwa mitumba ya Vita Kuu ya Pili, na waendeshaji wengi walifundishwa harakaharaka. Mashine zikaharibika ovyo, na mwaka 1951 mradi ukafutwa. Mashine kubwa bila fundi aliyefunzwa ni hasara. Ikikanyaga mtu, ni msiba.

Kwa nini ni hatari?

Tingatinga la kazi za barabara huweza kufika tani 20, 30 au zaidi. Aliyeketi juu haoni kila mahali: bamba la mbele linamzuia kuona chini, na nyuma kuna meno ya kuchimbua. Ukisimama karibu hakuoni. Ukipiga kelele hakusikii, maana injini inanguruma. Hivyo usikae nyuma yake hata kidogo. Subiri opereta akutazame, asimamishe mashine na akupe ishara, ndipo usogee.

Opereta makini hufanya hivi

1. Kabla ya kuwasha, anaizunguka mashine. Anaangalia oili, maji, minyororo, sehemu zinazovuja na honi ya kurudi nyuma. Pia anachungulia kama kuna mtoto anacheza au mtu amelala kivulini. Hafungui rejeta ikiwa ya moto.
2. Anapanda na kushuka akiitazama mashine, mikono miwili na mguu mmoja vimeshika, au miguu miwili na mkono mmoja. Haruki.
3. Anafunga mkanda. Mashine ikipinduka, aliyefunga mkanda hubaki ndani ya kibanda chenye nguzo ngumu. Anayeruka huweza kulaliwa na mashine.
4. Hapakii abiria. Kiti ni kimoja, mtu ni mmoja.
5. Kwenye mteremko anapanda na kushuka moja kwa moja, hakati ubavuni, na hashuki gia ikiwa huru.
6. Akimaliza anashusha bamba mpaka chini, anafunga breki, anazima injini na kuondoka na ufunguo. Bamba lililoachwa juu likishuka ghafla, hukata.

Na mwili wako je?

Kelele za injini siku baada ya siku huua usikivu, na usikivu ukifa haurudi. Vaa vizibo vya masikio. Vumbi nalo huumiza mapafu, kwa hiyo maji yamwagwe barabarani na wafanyakazi wavae barakoa za vumbi. Mtikisiko huchosha mgongo, basi pumzika.

Halafu kuna pombe. Msimu wa mabibo, uraka na nipa havikosekani. Lakini hata kidogo tu hupunguza wepesi wa akili. Bangi ni hivyo hivyo, na usingizi pia. Aliyekesha ngomani jana usiku asiguse mashine asubuhi.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza mtu wa chini ya miaka 18 kuajiriwa kwenye kazi za hatari. Iko pia Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, ambayo inamtaka mwajiri alinde afya za wafanyakazi wake, na OSHA ndiyo inayosimamia. Kwa hiyo ukisema "hapana, sijafunzwa," wewe si mwoga. Unaijua haki yako.

Kama kazi hii unaipenda kweli, wasichana kwa wavulana, ifuate kwa njia yake: maliza shule, timiza miaka 18, pata mafunzo chuoni, upate leseni, ndipo upande. Mkate wa opereta ni mtamu, lakini ni wa kula mzima, na vidole vyako vyote kumi.

Jadilianeni darasani

- Wadogo zenu hupita wapi kwenda shule wakati barabara inachongwa? Nani awaonyeshe njia salama?
- Opereta amelewa na msimamizi amenyamaza. Kibarua afanye nini?
- Kuna hatari gani kukaa kwenye kivuli cha mashine iliyozimwa?