Fundi Akifunga Gesi Vibaya: Haki Yetu Ni Ipi?



Vikundi vingi sasa vinachanga pesa kwa zamu ili kila mama apate mtungi wa gesi. Ni hatua nzuri. Lakini fundi mzembe anaweza kutuachia hatari nyumbani. Tujifunze la kufanya.

Tuchukue mfano. Mama amlipa fundi abadilishe mpira wa gesi. Fundi hakazi klipu. Jioni nyumba inanuka. Mama akilalamika, fundi anajibu, "Hiyo ni kawaida, itaisha." Si kawaida! Gesi hutiwa harufu makusudi ili tujue inavuja. Tena ni nzito kuliko hewa: hutulia sakafuni, ikingoja cheche.

1. OKOA MAISHA KWANZA
Funga mtungi, fungua milango na madirisha, toa watoto nje. Usiwashe kiberiti, usiguse swichi ya stima.

2. WEKA USHAHIDI
Usitupe mpira wala klipu. Piga picha. Tunza risiti au ujumbe wa M-Pesa. Fundi mwingine akikagua, aandike alichokuta. Aliyeumia atunze karatasi zote za hospitali.

3. ONGEA NA FUNDI
Mwandikie barua, umpe siku ya kurekebisha au kurudisha pesa. Bakia na nakala. Mzee wa kijiji au chifu anaweza kuwapatanisha. Mkielewana, andikeni na mtie sahihi mbele ya mashahidi. Lakini usitie sahihi kwamba "mambo yameisha" kabla hujajua gharama ya matibabu.

4. NENDA KORTINI
Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inatupa haki ya kupata huduma bora na kulindwa afya na usalama wetu. Kwa hivyo, hata kama hakuna aliyeungua, unaweza kudai gharama ya kurekebisha kazi mbovu.

Korti ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, husikiza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. Si lazima uwe na wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe kwa siku 60. Kama haiko karibu, muulize karani wa korti ya hakimu.

Usichelewe. Dai la kuumizwa kwa uzembe lina miaka 3. La kuvunja mapatano, miaka 6.

Uzembe wa moto unaohatarisha maisha ni kosa la jinai pia. Piga ripoti polisi, uombe nambari ya OB.

Wengine husema, "Ni kijana wetu, tumwache." Kusamehe ni vizuri. Lakini kesho atafunga gesi kwa jirani, na huko kuna watoto wamelala.

MASWALI YA KIKUNDI
1. Je, mafundi wetu hutoa risiti? Tukubaliane nini kabla ya kazi kuanza?
2. Nani kati yetu atamsindikiza mwenzetu kortini?
3. Tutamsaidiaje fundi kijana ajifunze kazi vizuri?