Makao ya Wazee Siyo Mahali pa Kutupia Mtu



Lipo swali ambalo tunaulizwa mara kwa mara, na karibu kila mara kwa sauti ya chini: "Je, ni dhambi kumpeleka mama kwenye makao ya wazee?" Anayeuliza huwa amechoka. Mama yake amepata kiharusi na hawezi kujigeuza kitandani. Yeye ana kazi na watoto. Ndugu zake wako mbali na hutuma fedha tu. Anaogopa kwamba mama akibaki nyumbani ataumia, na akiondoka watu watasema ametupwa.

Mwezi huu tutajifunza kazi zinazofanyika katika makao hayo, zile tunazoweza kuziiga nyumbani, na ile moja ambayo familia haiwezi kumwachia mtu mwingine.

1. MAKAO HAYA NI YA NANI?

Majira ya baridi ya mwaka 1839, katika mji wa Saint-Servan nchini Ufaransa, Jeanne Jugan, mwanamke aliyeishi kwa kufanya kazi za watu, alimchukua bibi mmoja kipofu aliyepooza nusu ya mwili. Alimpa kitanda chake mwenyewe, naye akaenda kulala darini. Hapo ndipo lilipoanzia shirika la Masista Wadogo wa Maskini, ambalo Nairobi linaendesha makao yanayoitwa Nyumba ya Wazee. Jeanne alitangazwa mtakatifu tarehe 11 Oktoba 2009.

Hapa Tanzania serikali nayo ina makazi ya wazee, kama vile Nunge huko Kigamboni na Kolandoto mkoani Shinyanga. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na zaidi. Kwa sera hiyo, mahali pa kwanza pa kumtunza ni kwenye familia yake. Makazi ni kwa yule asiye na mtu, au ambaye hali yake imezishinda nguvu za watu wake.

2. HUDUMA HUPIMWA KWA HALI YA MTU

Makao mazuri hayawatunzi wazee wote kwa namna moja. Wapo wanaojiweza: hao wanahitaji chumba, mlo na wenzao wa kuzungumza nao. Wapo wanaohitaji mkono wa kuoga, kuvaa na kwenda chooni. Wapo wasioondoka kitandani, ambao wanahitaji muuguzi. Na wapo wanaosahau, ambao wanahitaji jicho la mtu mchana na usiku.

Kosa letu majumbani ni kumhurumia mzee kiasi cha kumfanyia kila kitu. Mzee akilishwa wakati mkono wake bado unaweza kushika kijiko, baada ya muda mkono huo husahau kazi yake. Tumsaidie lile linalomshinda tu. Akiweza kuchambua mchele au kumenya karanga, apewe ungo. Atachelewa kumaliza, lakini atajiona bado ni mtu wa nyumba hiyo.

3. MAMBO YA KUIGA NYUMBANI

(a) Vidonda vya kulalia. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili: ubavu wa kulia, chali, ubavu wa kushoto. Usiku pia, na hapo ndipo mlezi mmoja huzidiwa. Kila anapooshwa, tazama matako, nyonga na visigino. Ukiona sehemu iliyo nyekundu, au nyeusi zaidi, yenye joto au ngumu kuliko ngozi ya jirani yake, asiilalie tena, wala usiisugue. Weka mto chini ya miguu ili visigino visiguse godoro. Ngozi ikichubuka, mwone muuguzi mapema.

(b) Maji na chakula. Uzeeni kiu hupungua, lakini mwili bado unahitaji maji. Usingoje aombe; mpe kikombe kwa saa maalumu, isipokuwa daktari amemwekea kipimo. Wengine hukataa kunywa kwa kuogopa safari ya chooni usiku. Mwekee ndoo karibu na kitanda, naye atakunywa. Anapolishwa aketi wima, ale polepole, na asilazwe kabla ya nusu saa kupita.

(c) Kuanguka. Mfupa wa nyonga ukivunjika, wazee wengi hawatembei tena kama zamani. Kausha sakafu, ondoa mkeka uliojikunja, weka tochi karibu na mto, na funga kishikio imara chooni. Akiamka, aketi kwanza ukingoni mwa kitanda, kisha ndipo asimame.

(d) Dawa. Ziandikwe zote katika daftari moja, nalo liende naye kila anapokwenda zahanati. Dawa za maumivu za kununua dukani, kama diklofenaki, zikitumiwa siku nyingi zaweza kumwumiza tumbo na figo.

(e) Kusahau. Mzee anayeuliza jambo lilelile mara kumi, au anayetoka usiku kwenda "nyumbani" kwa wazazi waliokufa zamani, huenda ana ugonjwa wa ubongo. Siyo uchawi. Macho mekundu ya bibi aliyepikia kuni maisha yake yote nayo siyo uchawi. Moshi peke yake watosha kuyafanya hivyo. Katika nchi yetu akina mama wazee wameuawa kwa tuhuma za namna hiyo, na sisi hatuna budi kuzikataa waziwazi. Usibishane na anayesahau. Mjibu kwa upole na umwongoze kwenye jambo jingine. Lakini mzee aliyekuwa na akili timamu jana akichanganyikiwa leo, mpeleke hospitali upesi. Yawezekana ni malaria, homa ya mapafu, ugonjwa wa njia ya mkojo au dawa aliyopewa.

4. FAMILIA IKIZIDIWA

Mlezi akiwa hapati usingizi, vidonda vikiwa havifungi, au mzee akipotea njia kila mara, si aibu kuomba msaada. Kabla ya kuamua, ndugu wote wakae pamoja, na mzee mwenyewe aulizwe. Asidanganywe kwamba anakwenda kutembea tu.

Nendeni kwanza mkayaone makao yenyewe. Ulizeni nani yuko zamu usiku, na akiugua anapelekwa wapi. Angalieni kama wazee wameketi nje wakizungumza au wamefungiwa vyumbani, kama maji ya kunywa yako karibu nao, na kama wahudumu wanawaita kwa majina yao. Mkikatazwa kuingia ndani, tafuteni kwingine.

5. KAZI ISIYO YA WAHUDUMU

Basi, je, ni dhambi? Kumpeleka mama mahali atakapogeuzwa, kulishwa na kutibiwa vema kuliko tunavyoweza sisi, siyo dhambi. Tukimpeleka na kuacha kwenda kumwona, hapo ndipo tunapokuwa tumemtupa. Mhudumu aweza kumwogesha, lakini hajui habari za shamba lake, wala jina la mjukuu aliyezaliwa juzi. Habari hizo ni sisi wa kumpelekea. Tupange zamu, tuwachukue watoto, tukae naye mpaka chai iishe.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA JUMUIYA

1. Ni wazee gani wa jumuiya yetu wanaolala peke yao?
2. Nani kati yetu anamlea mgonjwa usiku bila msaidizi? Tunaweza kumpokea siku gani?
3. Yupo mzee wetu aliyeko makaoni? Mara ya mwisho alitembelewa lini, na nani?