Kujiandikisha Inua Jamii: Saidiwa na Majirani, Lakini PIN Ibaki Yako

KSh 2,000 kwa mwezi zinaweza kuonekana kidogo. Lakini kwa mzee wa miaka 74 pale Iguhu, Kakamega, hizo ni unga, sabuni, na nauli ya boda kwenda hospitali na kurudi. Ndiyo maana inauma sana mtu anapostahili pesa hizo na asizipate, au zikija zinaishia mfukoni mwa mwingine.

Wazee wengi hawawezi kujiandikisha peke yao. Fomu ina maandishi madogo, simu ni ya mjukuu, na ofisi iko mbali. Kuomba msaada si aibu. Somo la leo ni hili: nani akusaidie nini, na msaada huo uishie wapi.

Inua Jamii ni ya nani?

Ni mpango wa serikali ya Kenya wa kuwapa pesa watu walio na mahitaji makubwa. Makundi makuu ni matatu:

- Wazee wa miaka 70 na zaidi.
- Familia maskini zinazolea mayatima na watoto walio katika hali ngumu.
- Watu wenye ulemavu mkubwa, wale wanaohitaji mtu wa kuwatunza usiku na mchana.

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema serikali itawasaidia wasioweza kujikimu pamoja na wanaowategemea. Kwa hivyo hii si zawadi ya chifu wala ya mwanasiasa. Kujiandikisha ni bure. Ukiambiwa utoe "kitu kidogo" ili jina lipelekwe mbele, jua hapo pana wizi.

Jambo lingine la kujua mapema: uandikishaji haufunguliwi kila siku, na kuandikwa jina si sawa na kuanza kulipwa. Majina hukaguliwa kwanza. Hivyo ni vizuri uwe tayari kabla tangazo halijatoka.

Nani akusaidie nini?

*Mzee wa kijiji (liguru).* Yeye huwa na habari za baraza mapema. Mwambie nyumbani kwenu kuna mtu anayestahili, hasa kama mtu huyo hatoki nje.

*Chifu na naibu wake.* Uandikishaji wa wananchi hupitia kwao. Baraza ni mahali pazuri pa kuuliza maswali, kwa sababu majibu yanasikika na watu wote.

*Mhudumu wa afya ya jamii.* Anapita boma kwa boma, kwa hivyo anajua aliyelala kitandani na anayelea wajukuu bila msaada. Kama mgonjwa ana ulemavu, muulize jinsi ya kumfikisha hospitali ya serikali akapimwe na kupata karatasi za ulemavu.

*Chama au kanisa.* Wanaweza kuchanga nauli na kuchagua mtu wa kumsindikiza mzee. Wakienda wazee wanne kwa gari moja, gharama inapungua.

*Afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo.* Huyu ndiye wa kuona jina likipotea, mlezi akibadilika, au pesa zisipofika.

Kitambulisho kwanza

Kabla ya siku ya kuandikishwa, toa kitambulisho uangalie mambo mawili: bado kinasomeka? Na majina yaliyopo ndiyo utakayoandikisha? Mtu anayejulikana kijijini kwa jina la utani anaweza kuandikwa hivyo kwenye orodha, halafu kompyuta ikamkataa. Majina na namba viandikwe vile vilivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi. Kama kitambulisho kimepotea, anza kushughulikia kingine sasa. Usingoje baraza.

Laini iwe ya nani?

Kwa miaka mingi Inua Jamii imelipa kupitia benki, na siku hizi simu pia hutumika. Ukiandikishwa, uliza pesa zitafika kwa njia gani. Kama ni simu, laini iwe imesajiliwa kwa kitambulisho cha anayelipwa.

Tuseme nyanya anatumia laini ambayo mjukuu alimnunulia kwa kitambulisho chake mwenyewe. Mjukuu anapata kazi Nairobi. Laini inapotea, na ni lazima isajiliwe upya. Anayetakiwa kufika na kitambulisho ni mjukuu, na yuko mbali. Na kama pesa zilikuwa ndani, kwa rekodi za kampuni mwenye akaunti ni mjukuu, hata kama kijiji kizima kinajua simu ni ya nyanya.

Kujua laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, bonyeza *106# na ufuate maelezo. Laini mpya si bei ghali, na simu ya kabambe inatosha kabisa.

PIN si ya familia

Hapa ndipo msaada unapoishia. Mtu akusomee fomu, akusindikize, akushikie mwavuli. PIN ubonyeze mwenyewe. Mazungumzo kama haya yasikike kwa wakala:

"Kukhu, nipe namba ya siri nikutolee haraka, watu wanangoja."
"Wangoje, mjukuu wangu. Nionyeshe tu pa kubonyeza."

Usitumie mwaka wa kuzaliwa, kwa sababu umeandikwa kwenye kitambulisho unachomwonyesha wakala. Kama mzee husahau, mfanyie mazoezi nyumbani kwa kuangalia salio mara chache hadi vidole vizoee.

Na asiyeweza kabisa, kwa mfano aliye kitandani au asiyeona? Familia isichague mtu kimyakimya. Mlezi aandikishwe rasmi kupitia afisa wa maendeleo ya jamii, ili ijulikane ni nani anayepokea kwa niaba yake. Hiyo inamlinda mzee, na inamlinda mlezi pia asije akasingiziwa.

Pesa zikiingia

Malipo wakati mwingine huja ya miezi miwili kwa pamoja, yaani KSh 4,000. Soma ujumbe, au mwombe mtu unayemwamini akusomee kwa sauti: kiasi gani, kutoka kwa nani, salio ni ngapi. Usiufute.

Ada ya kutoa pesa, kama ipo, hukatwa na mfumo wenyewe. Wakala hana ada nyingine ya kudai mkononi. Vivyo hivyo kwa yule aliyekusindikiza akisema "kata 200 ya chai". Fanya hesabu: KSh 200 mara sita kwa mwaka ni KSh 1,200. Hiyo ni zaidi ya nusu ya pesa za mwezi mzima! Ukitaka kumshukuru mtu, mpe kwa hiari yako, pesa zikiwa tayari mkononi mwako.

Pesa zisipoingia

Kwanza uliza wenzako: wao wamepata? Kama hakuna aliyepata, huenda malipo yamechelewa tu. Kama wote wamepata isipokuwa wewe, nenda kwa afisa wa maendeleo ya jamii na kitambulisho chako, au piga simu ya bure ya mpango huu, 1533. Andika tarehe uliyolalamika na jina la aliyekuhudumia.

Wakati kama huo matapeli hupiga simu: "Jina lako limekwama, tuma KSh 300 tulifungue," au "Tutajie PIN tuhakikishe." Kata simu. Mpango hauombi pesa ili ukulipe, na sisi pia hatutawahi kukuuliza PIN.

Kazi ya wiki hii kwa chama chenu

Kwenye mkutano ujao, orodhesheni wazee wa miaka 70 na zaidi walio karibu nanyi, na nyumba zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa. Kwa kila mmoja ulizeni maswali matatu: ana kitambulisho? Laini ni yake? PIN anaijua yeye peke yake? Palipo na "hapana", hapo ndipo pa kuanzia kusaidia, kabla baraza halijaitishwa.