Somo la Mkebe wa Maharage

Mzazi mmoja alitujia na malalamiko. Mwanawe alikuwa amerudi kutoka shuleni akisema amefundishwa mageuko ya viumbe, na baba huyo alitaka kujua kama ni halali mtoto wa Kikristo kulisikiliza somo hilo, au kama yafaa amwombee ruhusa ya kukaa nje. Tulimjibu: Usimwondoe, maana huenda somo hilo likamwokoa mjukuu wako. Jibu hilo lilimshangaza. Leo twapenda kulieleza kwa wazazi wote, kwa kuwa hofu hiyo si ya mtu mmoja.

Kwanza tuondoe kosa lililozoeleka. Elimu haisemi kwamba nyani yule anayeiba mahindi shambani ndiye babu yetu. Yasema kwamba viumbe vina ujamaa wa asili ya kale sana, na kwamba vizazi hubadilika kidogo kidogo. Njia moja kubwa ya mabadiliko hayo huitwa uteuzi asilia. Viumbe wa aina moja huzaliwa na tofauti za kurithi. Wale ambao tofauti zao zinawafaa mahali walipo huishi na kuzaa zaidi kuliko wenzao. Basi, kizazi kinachofuata huwa na wengi wa namna yao. Jambo hilo si gumu, ila ni bora mtoto alione kwa macho kuliko kulikariri.

Tuseme mwalimu yuko katika kata ya Morotonga, wilayani Serengeti, mkoani Mara, wala hana maabara. Si neno. Atafute mkebe mmoja, maharage meupe 80 na mekundu 20 yenye ukubwa mmoja, na sarafu ya shilingi. Kila haragwe ni jeni, yaani kile kitu cha urithi ambacho kila mtu hupokea kimoja kutoka kwa baba na kimoja kutoka kwa mama. Haragwe jeupe ni jeni ya damu ya kawaida. Haragwe jekundu ni jeni ya selimundu, ugonjwa ule unaozipinda chembe nyekundu za damu zikawa na umbo la mundu, ukamletea mtoto maumivu makali na upungufu wa damu.

Wanafunzi watumbukize mkono pasipo kutazama, watoe maharage mawili mawili. Kila jozi ni mtoto mmoja aliyezaliwa. Kwa kadiri, kati ya watoto 50 watapatikana 32 wenye meupe mawili, 16 wenye jeupe na jekundu, na 2 wenye mekundu mawili. Hao wawili wa mwisho ndio wagonjwa wa selimundu, ambao zamani, kabla ya dawa, karibu wote walikufa wangali wadogo. Wale 16 hubeba jeni moja tu, nao kwa kawaida huishi pasipo kuugua.

Mchezo wa kwanza uwe wa nchi ya milima yenye baridi, isiyo na malaria. Watoto wawili wagonjwa waondolewe. Wengine wote warudishwe mkebeni. Yatabaki maharage 96, na mekundu ni 16 tu. Kutoka 20 katika kila mia, yameshuka yakawa chini ya 17. Rudieni tena na tena. Jekundu litazidi kupungua.

Mchezo wa pili uwe wa nchi ya mbu. Hapa kila mtoto mwenye meupe mawili arushiwe shilingi: upande mmoja amepona malaria, upande wa pili amekufa. Mwenye jeupe na jekundu asirushiwe, maana jeni ile moja humkinga na malaria kali. Katika wale 32 watabaki kama 16. Sasa hesabuni mkebe: meupe 48, mekundu 16. Jekundu limepanda kutoka 20 hadi 25 katika mia! Jazeni mkebe upya kwa kadiri hiyo, meupe 75 na mekundu 25, mcheze tena. Litapanda zaidi, lakini polepole, hata likifika karibu na theluthi litasimama. Kwa nini? Kwa sababu mekundu yakiwa mengi hukutana yenyewe kwa yenyewe mara nyingi zaidi, na watoto wenye mekundu mawili huongezeka. Faida na hasara zimelingana.

Mwalimu awaonye wanafunzi kwamba bahati itazipeleka hesabu zao huku na huku, kwa hiyo makundi kadhaa yacheze na kujumlisha. Awaambie pia kwamba shilingi yake ni kali kuliko malaria yenyewe. Lakini asikose kuwaambia kwamba mchezo huu una ushahidi, tena ushahidi wa mkoani kwao.

Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa Afrika Mashariki. Aliona kwamba jeni ya selimundu ni nyingi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, lakini ni haba sana katika nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1954 alitangaza kwamba sababu ni malaria. Mwaka 1956 alitoa hesabu za wilaya ya Musoma. Kati ya watoto wachanga 287, wenye jeni moja ya selimundu walikuwa 89, ndio kama 31 katika mia. Kati ya watu wazima 654, walikuwa 249, ndio kama 38 katika mia. Wenye jeni mbili walikuwa 9 kati ya watoto, na 5 tu kati ya watu wazima. Mwanafunzi na atazame tarakimu hizo baada ya kucheza, naye atatambua mkebe wake. Nyuma ya kila tarakimu iliyopungua yako makaburi madogo.

Hapo mtoto atakuwa amejifunza mambo mawili ambayo watu wazima wengi hawayajui. La kwanza, hakuna hata haragwe moja lililogeuka rangi. Kilichobadilika ni hesabu ya mkebe. Kadhalika kiumbe mmoja mmoja hajigeuzi kwa kutaka kwake. Ni jamii nzima inayobadilika, kizazi baada ya kizazi. La pili, uteuzi asilia haumtafuti aliye bora kuliko wote. Haragwe lilelile huokoa mahali penye mbu, na mahali pasipo mbu ni hasara tupu.

Lakini liko jambo la tatu, nalo ndilo lililotufanya tumjibu yule baba kama tulivyomjibu. Katika nyumba ngapi mtoto ameugua selimundu, na lawama ikamwangukia mama peke yake? Huyu asema amelogwa, yule asema ukoo wa mke una laana, hata ndoa ikavunjika. Mkebe wa maharage wakanusha hayo yote. Mtoto mwenye mekundu mawili amepokea moja kwa baba na moja kwa mama. Wazazi wote wawili waweza kuwa wazima kabisa, kila mmoja akiwa na jeupe na jekundu. Hapo kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuleta ugonjwa. Hakuna mchawi, wala hakuna mkosaji.

Tena wazazi wasiogope kwamba imani itapotea. Sheria hiyo ya urithi iligunduliwa na mtawa, Gregor Mendel, katika bustani ya njegere za monasteri yake, akaitangaza mwaka 1866. Papa Pius XII, katika waraka wake Humani Generis wa mwaka 1950, hakuwakataza wataalamu kuchunguza asili ya mwili wa mwanadamu, ila alishika kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja. Papa Yohane Paulo II, tarehe 22 Oktoba 1996, alikiri kwamba nadharia ya mageuko imekuwa zaidi ya dhana tu. Imani inachokataa ni kuifanya hesabu ya mkebe kuwa amri ya maisha, kana kwamba mdhaifu aachwe afe. Uteuzi asilia waeleza yaliyotukia, hauamuru tutakayotenda. Mtoto mwenye mekundu mawili leo ana dawa na wauguzi, na akitunzwa vema aweza kukua na kusoma kama wenzake.

Basi, wazazi, waacheni watoto wajifunze. Jioni waombeni wawaonyeshe mchezo huo mezani, nanyi mtumbukize mikono yenu mkebeni. Na kijana anayetaka kuoa, pamoja na mchumba wake, wakapime damu mapema, si kwa kukimbiana, bali ili wajue. Atakayekuja kuzaliwa hana namna ya kuuliza. Ni juu yetu kumwulizia.