Sukari katika Damu

Mtu akila ugali, wali au ndizi, sehemu kubwa ya chakula hicho hugeuka sukari, nayo huingia katika damu. Damu huichukua mpaka kila upande wa mwili, maana sukari ndiyo kuni za mwili. Bila hiyo hatuwezi kukimbia wala kufikiri. Lakini haiingii katika nyama za mwili mpaka ifunguliwe mlango. Ufunguo wake ni insulini, na insulini hufanywa na kongosho, kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo.

Mwili una askari wake, ambao kazi yao ni kupigana na vijidudu vya maradhi. Kwa watu wengine, hasa watoto na vijana, askari hao hupotea njia, wakaishambulia kongosho yao wenyewe, na insulini ikakoma. Ugonjwa huu huitwa kisukari cha aina ya kwanza. Hauji kwa kula sukari nyingi, wala si kosa la mama aliyepika. Mtoto huona kiu sana, hukojoa mara kwa mara, hukonda ingawa anakula.

Mwaka 1919 msichana mmoja wa Marekani, jina lake Elizabeth Hughes, alipatwa na ugonjwa huo, naye alikuwa na miaka 11. Baba yake, Charles Evans Hughes, alikuwa mtu mkubwa, na mwaka 1921 akafanywa Waziri wa Mambo ya Nje. Lakini ukubwa wake haukumfaa kitu, maana dawa haikuwapo. Shauri la madaktari lilikuwa moja tu: kumpunguzia mgonjwa chakula, hata kile kidogo alacho kipimwe kwa mizani. Fikirini uchungu wa mama yule! Akimlisha mwanawe, sukari yamwua. Akimnyima, njaa yamwua.

Hata mwezi wa Agosti 1922 Elizabeth, aliyekaribia miaka 15, alikuwa na uzito wa ratili 45 tu, yaani kilo 20 hivi. Mama yake akampeleka Toronto, mji wa Kanada. (Utafuteni katika ramani.) Huko Frederick Banting, Charles Best na wenzao walikuwa wametoa insulini katika kongosho za wanyama, na mwezi wa Januari mwaka ule ule kijana Leonard Thompson alikuwa wa kwanza kuchomwa sindano yake. Elizabeth naye akachomwa. Akala mkate, akanenepa, akarudi kwao.

Je, hofu ya wazazi ikaisha? Haikwisha, iligeuka tu. Zamani waliogopa kesho. Sasa waliogopa miaka ishirini ijayo. Maana watoto waliopona walipokuwa watu wazima, madaktari waliona mambo mapya. Sukari nyingi ikidumu katika damu miaka mingi, huharibu mishipa ya damu, hasa ile midogo. Nyuma ya jicho mishipa huvuja, na macho hufifia. Machujio ya figo hutoboka, na taka za mwili hubaki ndani. Moyo nao hudhurika. Nyayo hufa ganzi: mtu hukanyaga mwiba asisikie, na kidonda kikaoza bila yeye kujua.

Madaktari walibishana muda mrefu kama kuishika sukari vizuri kila siku kungezuia madhara hayo. Basi tangu mwaka 1983 mpaka 1993 watu 1441 wa Marekani na Kanada walijaribiwa. Nusu yao walitunzwa kama ilivyokuwa desturi. Nusu walipima damu na kujipa insulini mara nyingi zaidi kila siku. Katika wale ambao macho yao yalikuwa mazima tangu mwanzo, hatari ya macho kuugua ilipungua kwa asilimia 76 kwa waliojitunza sana. Figo na mishipa ya fahamu zilipata faida pia. Lakini watu hao hao walipatwa, mara tatu kuliko wenzao, na hatari ya pili: sukari kushuka mno, hata mtu akatetemeka, akatokwa na jasho, pengine akazimia.

Ndiyo sababu wako akina mama waamkao usiku wa manane kumpima mtoto damu kidoleni. Na pengine hofu hiyo hutoka kinywani kama hasira. Mama huona tarakimu kubwa katika kipimo, akasema, “Mwanangu, umekula nini tena?” Kumbe hakula kitu, hata homa hupandisha sukari. Mtoto akikemewa hivi mara nyingi, huanza kuandika tarakimu za uongo katika daftari ili mama atulie. Mimi naona uongo huu una hatari kubwa, maana daktari hupima dawa kwa daftari ile ile.

Elizabeth alisoma mpaka chuo kikuu, akaolewa mwaka 1930, akazaa watoto watatu. Hakupenda watu wajue ugonjwa wake. Alitumia insulini zaidi ya miaka 58, na alipofariki mwaka 1981 alikuwa na umri wa miaka 73.