Tazama Miguu Kabla ya Kiwele: Vidokezo 9 vya Kutunza Kwato za Ng'ombe wa Maziwa

Masika yakishika Karatu, udongo mwekundu wa Rhotia na Mbulumbulu hugeuka tope linalonata hadi mlangoni mwa banda. Kwato hulainika, na kuchechemea huanza. Mfugaji anaona maziwa yamepungua, anaongeza pumba, anakagua kiwele, kumbe tatizo liko chini kabisa. Ng'ombe anayeumwa mguu hula kidogo na kulala sana. Akiingia joto hapandi wenzake, hivyo mhimilishaji anaitwa kwa kuchelewa au haitwi kabisa. Hasara hii inazuilika kwa kazi ndogo ndogo za kila siku.

1. Soma mgongo wake
Ng'ombe mzima hunyoosha mgongo akisimama na akitembea. Ukiona anaupinda akitembea tu, shida imeanza. Akiupinda hata akiwa amesimama, ameshaumia. Akitikisa kichwa kila anapokanyaga, mshughulikie siku hiyo hiyo. Kagua zaidi miguu ya nyuma, hasa ukwato wa nje, kwa sababu ndio unaobeba uzito mwingi na ndio unaoshinda kwenye kinyesi na mkojo.

2. Zoa kinyesi asubuhi na jioni
Unyevu hulainisha kwato na ngozi iliyo katikati yake, kisha bakteria hupata mlango. Sakafu ya zege iwe na mteremko wa sentimita 2 hadi 3 kwa kila mita ili mkojo utiririke, na ichorwe mifereji midogo ili ng'ombe asiteleze. Kama sakafu yako ni ya udongo, jaza mashimo kwa changarawe iliyoshindiliwa vizuri. Mfereji wa kuzuia maji ya mvua yasiingie bandani uchimbwe Februari, kabla mvua hazijaanza.

3. Mpe kitanda
Ng'ombe wa maziwa anahitaji kulala kati ya saa 10 na 14 kwa siku. Asipopata mahali pakavu na laini, atasimama, na kwato zitabeba mzigo huo mchana na usiku. Kizimba cha kulala kiwe na upana wa mita 1.2 na urefu unaozidi mita 2. Baada ya mavuno ya ngano, usichome mabua: yatandike bandani, na ubadilishe yakilowa.

4. Majani kwanza, pumba baadaye
Pumba, mahindi na ngano vikizidi huleta asidi tumboni, na asidi hiyo huharibu mishipa midogo ya damu iliyo ndani ya ukwato. Dalili huweza kuonekana miezi 2 au 3 baadaye, wakati umeshasahau ulichomlisha. Mlishe mabingobingo au majani makavu kabla ya pumba. Usimpe zaidi ya kilo 3 za pumba kwa mkupuo mmoja. Akizaa, ongeza pole pole kwa wiki kadhaa. Stoo ya mahindi ifungwe imara, asije akaingia na kula kupita kiasi. Jiwe la chumvi lenye madini lisikosekane, kwani zinki na shaba huimarisha kwato.

5. Kata kwato mara 2 kwa mwaka
Ukwato huota kama nusu sentimita kwa mwezi. Ng'ombe wa ndani hatembei vya kutosha kuupunguza, hivyo hurefuka mbele na kumfanya akanyagie kisigino. Panga Februari, kabla ya masika, na Septemba, kabla ya vuli. Usimsumbue anapokaribia kuzaa. Kwa Friesian mkubwa, urefu wa mbele usipungue sentimita 7.5. Ukibonyeza wayo kwa kidole gumba ukabonyea, acha hapo hapo. Kama hujafundishwa, mwite mtaalamu, na uhakikishe anasafisha kisu kabla ya kuhamia kwa ng'ombe mwingine.

6. Tumia mrututu kwa kipimo
Nusu kilo ya mrututu kwa lita 10 za maji inatosha ng'ombe 2 au 3. Osha miguu kwanza kwa maji na brashi, kwa sababu mrututu haufanyi kazi juu ya kinyesi. Changanya kwenye ndoo ya plastiki, kisha paka au pulizia. Dawa hii ni ya kinga. Jeraha lililo wazi lina tiba yake. Kondoo wasiyafikie maji hayo, maana shaba iliyomo kwenye mrututu huweza kuwaua, na usiyamwage kwenye korongo au kisima.

7. Kwa wanaochunga: kagua jioni bomani
Upande wa Ngorongoro mifugo hutembea mbali juu ya mawe kutafuta malisho na maji, na miiba ya migunga haina huruma. Mwiba uliotolewa jioni ni kazi ya dakika moja. Ukiachwa wiki nzima huwa usaha.

8. Si kila kuchechemea ni kwato
Kama wengi wanachechemea kwa pamoja huku mate yakiwatoka, shuku ugonjwa wa miguu na midomo. Nyati huweza kubeba virusi vyake bila kuugua, kwa hiyo wanaopakana na hifadhi wawe macho. Zuia mifugo isitoke wala kuingia, na umwarifu afisa mifugo mara moja. Ndama au mtamba aliyevimba paja ghafla, na ukiligusa linatoa mlio wa kuchakarika, huenda ana chambavu. Huua haraka, na kinga yake ni chanjo. Ng'ombe aliyekakamaa viungo akiwa na homa anaweza kuwa na homa ya siku tatu.

9. Akiumwa, tibu hadi mwisho
Mtenge mahali pakavu penye matandiko, karibu na maji na chakula. Osha mguu, uinue, toa jiwe au mwiba. Ukiona uvimbe juu ya kwato na harufu ya kuoza, anahitaji dawa kutoka kwa mtaalamu wa mifugo. Wayo ukiwa na kidonda, mtaalamu anaweza kubandika kipande cha mbao chini ya ukwato wa pili usio na kidonda ili ule mbovu upumzike. Maliza dozi hata akipata nafuu, na maziwa yake yasinywewe wala kuuzwa mpaka muda uliotajwa kwenye dawa upite.

Mfugaji mwenzangu, ukimaliza kukamua jioni ya leo, usiondoke na ndoo kwanza. Inama, osha miguu minne, tazama katikati ya kwato. Fanya hivyo kila siku, na ng'ombe wako atakula, atasimama na atakamuliwa bila maumivu.